Nimenunua Datsun 240Z ya mwaka 1972: je, hofu zangu za wiki hizi tatu zina msingi?

Mkazi wa Mikocheni

Ndugu wapenzi wa magari ya zamani, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa zangu nasema shikamooni.

Wiki tatu zilizopita nilinunua Datsun 240Z ya mwaka 1972, yenye usukani wa kulia, kutoka kwa familia moja ya Upanga ambayo baba yao aliimiliki hadi alipofariki. Kwa miaka mingi gari hili lilikaa bandani na kuwashwa mara moja moja tu ili betri isife. Namba ya chasisi inaanza na HS30, injini ni L24 ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo (cc) 2,393, na bado lina kabureta mbili za aina iliyotoka nayo kiwandani. Marehemu baba yangu alinisimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akisimama kando ya barabara ujanani mwake kuyatazama magari ya mashindano ya Safari, enzi ambazo mashindano hayo yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima na yalipita hata kwetu. Edgar Herrmann alishinda akiwa na 240Z mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na 240Z mwaka 1973. Jina la Datsun halikumtoka mzee mdomoni mpaka mwisho. Nilipolikuta gari hili Upanga, mikono ilinitetemeka kabla hata sijafungua boneti.

Sasa furaha hiyo imechanganyika na wasiwasi, na naomba ushauri wa watu waliokwisha kuishi na magari ya namna hii.

Siku ya nne nilikwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, karibu na Magomeni, saa tisa alasiri. Sindano ya joto ilipanda hadi robo tatu ya geji ikasimama hapo. Nikaingia kituo cha mafuta, nikazima gari kwa dakika kumi, na nilipotaka kuliwasha likakataa kabisa huku harufu ya petroli ikitoka chini ya boneti. Nilisubiri karibu nusu saa ndipo likawaka, tena kwa kukohoa. Tangu siku hiyo imetokea mara tatu nyingine, na kila mara ni baada ya kulizima likiwa limepata moto.

Presha ya oili nayo inanisumbua. Asubuhi geji inaonyesha paundi 60 kwa inchi ya mraba, lakini injini ikishapata moto na gari likawa kwenye sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, sindano hushuka hadi paundi 15 hivi. Nikikanyaga mafuta inapanda tena mara moja.

Moshi unaingia ndani. Nikitoka Mikocheni hadi Posta, shati langu linanuka ekzosi, na mara mbili nimefika ofisini kichwa kikiniuma. Nilidhani kufungua vioo kungesaidia, lakini naona kunazidisha.

Kuna pia mlio wa "gong" unaotoka nyuma kila ninapoachia klachi gia ya kwanza, na kuna rangi iliyofura kama malengelenge chini ya mahali pa betri na kwenye ukingo wa mlango wa nyuma.

Jambo la mwisho ni kwamba kadi ya gari bado ina jina la marehemu. Watoto wake wanne walisaini mkataba wa mauziano mbele yangu, nikaona inatosha, lakini sasa sina hakika.

Nilimpelekea gari fundi mmoja wa jirani. Alilisikiliza kwa dakika tano akaniambia nishushe injini hii na kuweka ya gari la kisasa, kwa kuwa "hii imeshachoka". Sitaki kufanya hivyo. Wakati huohuo sitaki mapenzi yangu kwa gari hili yanifumbe macho nisione hatari. Je, nianzie wapi?

Fundi wa Gerezani

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa dhati. Nimeshika injini za L tangu nikiwa kijana wa kuosha vifaa kwenye gereji, na kwa maelezo yako sioni dalili hata moja ya injini iliyokufa. Ninachokiona ni gari lililosimama muda mrefu, kisha likaingizwa ghafla kwenye foleni ya Dar es Salaam. Hata hivyo, matatizo yako hayana uzito sawa, na umeyaorodhesha kwa namna yanavyokuogopesha badala ya namna yanavyoweza kukudhuru. Naomba niyapange upya.

La kwanza ni moshi. Acha kuliendesha gari hili kwenda kazini mpaka moshi huo ukome. Ndani ya moshi wa ekzosi mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vinavyofuatana nayo. Kichwa kuuma ndiyo dalili yake ya awali, na baada yake huja usingizi, nawe uko barabarani. Tatizo hili linajulikana sana kwa wenye magari ya umbo hili. Upepo unapopita juu ya paa na kushuka mgongoni, nyuma ya gari panabaki sehemu yenye msukumo mdogo wa hewa, na moshi hujikusanya hapo badala ya kuachwa nyuma. Ukifungua kioo cha mlango, hewa ya ndani inavutwa nje, na ile ya kujaza nafasi yake inaingia kupitia kila tundu lililo nyuma. Kwa hiyo hukukosea ulipoona vioo vinazidisha.

Chukua noti ya elfu moja, iweke juu ya mpira wa mlango wa nyuma, funga mlango, kisha uivute taratibu. Ikitoka kwa kung'ang'ania, mpira unafanya kazi mahali hapo. Ikiteleza kama inatoka kwenye bahasha, mpira umelala. Rudia kila baada ya upana wa kiganja, mzunguko mzima. Halafu toa paneli ya plastiki iliyo ndani, nyuma ya taa za nyuma, na usiku mpe mtu tochi yenye mwanga mkali aimulike kutoka nje huku wewe umejifungia ndani gizani. Utaona mwanga unapenya kwenye gasketi za taa zilizokauka, kwenye matundu ya waya yaliyopoteza vizibo vyake, na pengine kwenye mshono wa bati. Kila penye mwanga pana moshi. Kagua pia mfumo wa ekzosi wenyewe kuanzia kwenye injini hadi ncha ya bomba, kwa sababu gari lililosimama huliwa na kutu kutokea ndani ya bomba, na hakikisha ncha hiyo inatokeza nje ya bampa.

La pili ni tairi, ambazo hukuzitaja hata kidogo. Tafuta ubavuni mwa kila tairi maneno DOT, na mwishoni mwake utaona tarakimu nne; mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2304 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2004. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000. Usidanganywe na kashata, yaani meno ya tairi, zilizosimama wima. Mpira hugumu na kupasuka kwa umri hata kama haujatembea kilomita elfu moja.

La tatu ni breki na mipira ya petroli. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hapa pwani unyevu ni mwingi. Yakishanyonya, kiwango chake cha kuchemka hushuka na silinda za breki hushikwa na kutu kwa ndani. Yamwage yote, uweke mapya, na wakati huo fungua ngoma za nyuma uone kama silinda zake zinavuja. Mipira ya petroli ibadilishe yote bila kuuliza ipi ni nzima, kuanzia ya tanki na ya njia ya kurudishia mpaka ya mwisho iliyo kati ya kabureta mbili. Mpira uliokaa muda mrefu ukiukunja utaona nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi, nao upo juu ya ekzosi yenye moto.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye kukataa kuwaka. Katika injini hii, kabureta na ekzosi viko upande mmoja wa silinda hedi, kabureta zikiwa juu. Gari linapotembea, petroli baridi inaingia na upepo unapita, kwa hiyo hakuna shida. Ukizima injini yenye moto, feni inasimama, joto lote la ekzosi linapanda, na petroli iliyomo kwenye vibakuli vya kabureta inachemka na kumwagika ndani ya njia ya hewa. Harufu uliyoisikia ndiyo hiyo. Likikataa tena, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini, ishikilie hapohapo bila kuipampu, kisha piga stata mpaka liwake. Hewa nyingi itakausha petroli iliyozidi. Kupampu hakusaidii kitu, kwa sababu kabureta za aina hii hazina pampu ya kurusha mafuta. Tiba ya kudumu ni kuhakikisha lile bati la kukinga joto lililo kati ya ekzosi na kabureta lipo na limefungwa imara, gasketi nene za kuzuia joto zipo, njia ya kurudishia petroli haijaziba, na bomba la petroli halijalazwa juu ya chuma chenye moto. Mafundi wengi huliondoa lile bati wakati wa matengenezo na hawalirudishi.

Ukiwa hapo, fungua vile vifuniko vidogo vilivyo juu ya kabureta, kimoja kimoja, utazame kijiti kinachotoka nacho. Kinatakiwa kitoke kimelowa oili nyepesi, na ukikirudisha ukihisi kinapingwa kabla ya kukaa. Kikitoka kikavu, weka oili namba 20 kidogo. Magari mangapi nimeletewa nikiambiwa injini imechoka, kumbe kijiti kilikuwa kikavu na gari linasita kila likikanyagwa mafuta!

Kuhusu presha ya oili, kipimo tunachokitumia siku zote ni takriban paundi 10 kwa kila mizunguko elfu moja ya injini kwa dakika. Ukiwa na paundi 15 kwenye sailensi injini ikiwa na moto, na inapanda ukikanyaga, uko salama. Tena geji hiyo inapata habari kwa waya kutoka kwenye sensa yenye umri mkubwa. Kabla mtu yeyote hajashusha injini, mwambie afunge geji ya kupimia yenye bomba mahali pa sensa, asome mbele yako. Fundi anayehukumu injini kwa kuisikiliza dakika tano bila kupima presha ya oili wala kompresheni ya silinda zote sita hajakufanyia uchunguzi.

Mlio wa nyuma kwa kawaida ni mpira unaoshikilia pua ya difu (sanduku la gia za nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu), ambao hupasuka katikati, au ni krosi, yaani viungo vya kupindia, za shafti mbili zinazokwenda kwenye magurudumu. Pandisha gari, liweke juu ya stendi za chuma, usilale chini ya jeki peke yake, kisha shika kila shafti uizungushe huku na huko kwa mkono. Krosi iliyolika utaisikia kiganjani kabla ya kuisikia sikioni.

Dereva wa Tegeta

Hongera, kaka. Fundi ameeleza vizuri, lakini mimi ningeongeza jambo moja kuhusu joto. Ondoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Dar es Salaam hakuna baridi ya kuhitaji kifaa hicho, na magari yangu mawili yametembea bila themostati kwa zaidi ya miaka minane. Ukiona bado linapanda joto, ondoa feni ya mkanda uweke feni mbili za umeme, na suala litakuwa limekwisha.

Mmiliki wa Kigamboni

Samahani, kaka wa Tegeta, kwa heshima zote sikubaliani nawe, na nasema hivyo kwa sababu nimelifanya kosa hilo mwenyewe. Ninayo 260Z ya mwaka 1974, ndugu yake wa karibu sana na gari la huyu kaka, na nimeishi nayo mwaka wa saba sasa.

Gari linapochemka kwenye foleni lakini likapoa barabara ikifunguka, themostati haina hatia, kwa kuwa ikishafunguka imefunguka. Kinachokosekana ni upepo kwenye rejeta. Kwangu klachi ya feni ilikuwa imekwisha mafuta yake, ikawa feni inazunguka kivivu tu, na kile kizuizi cha plastiki kinachozunguka feni kilikuwa kimeondolewa na fundi aliyetangulia. Nilipoondoa themostati, injini ikawa haipati moto wake asubuhi, ikala petroli zaidi, na oili ikaanza kunuka petroli, ilhali kwenye foleni ya Kurasini sindano ilipanda vilevile. Nilirudisha themostati ya nyuzi 76.5, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kwa nchi za joto, mahali pa ile ya kawaida ya nyuzi 82, nikatengeneza klachi ya feni, na rejeta ikafunguliwa kusafishwa ndani. Kuhusu feni mbili za umeme, kumbuka kwamba umeme wa gari hili ulipangwa kwa mahitaji ya miaka ile. Hata taa kubwa, umeme wake wote unapita kwenye swichi ya usukani bila rilei, yaani swichi ya pembeni ya kubeba umeme mkubwa. Safiri nusu saa usiku, kisha gusa kisanduku cha fyuzi, utaona kina joto. Mimi nilifunga rilei mbili karibu na betri kwa ajili ya taa, na nadhani hilo linastahili kufanywa kabla ya kufikiria feni yoyote ya umeme.

Kaka wa Mikocheni, naomba nikwambie kuhusu maji, kwa sababu hapa ndipo pwani yetu inapotutofautisha. Silinda hedi ya injini hii ni ya alumini na bloku ni ya chuma. Mafundi wengi hujaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vingi vya jirani na bahari vina chumvi. Maji hayo yanapokaa kati ya metali hizo mbili, alumini huliwa kidogo kidogo mpaka njia za maji zinapanuka chini ya gasketi. Mwaga yaliyomo, tazama rangi yake, kisha weka maji yasiyo na chumvi pamoja na kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu. Ukiona yaliyotoka yana rangi ya chai ya rangi, usiogope, suuza tu mara kadhaa mpaka yatoke safi.

Maji hayohayo ya kisima ndiyo wanayooshea magari kwenye sehemu nyingi za kuoshea. Nilikuwa na desturi ya kuosha gari chini kila nikitoka ufukweni, nikiamini naondoa chumvi, hadi siku nilipoonja yale maji kwa ncha ya ulimi. Nilikuwa naliosha gari langu kwa chumvi. Sasa natumia maji ya bomba au ya mvua niliyoyakinga, hata kama ni ndoo mbili tu.

Malengelenge ya rangi uyachukulie kwa uzito, bila kukimbilia kwa mpiga rangi. Chini ya betri ni asidi iliyodondoka. Toa betri, toa na sinia yake, osha kwa maji yenye magadi, kisha bonyeza bati kwa bisibisi butu uone kama lina nguvu. Inua mazulia ya mbele uangalie sakafu, pitisha mkono chini ya milango uone kama vitundu vya kutolea maji vimeziba, na fungua lile eneo la chini ya kioo cha mbele panapoingia hewa. Langu liliegeshwa chini ya mkungu, na nilitoa humo majani yaliyooza yakajaza mfuko mzima wa saruji. Maji ya masika yalikuwa yanasimama humo kila mwaka. Ukiona mtu anataka kufunika kutu kwa puti na rangi mpya, mkatalie. Puti hunyonya maji na kuyashikilia juu ya bati. Kata kilichooza, chomelea bati jipya, hata kama ni kipande kimoja kwa mwaka. Na usilivishe gari turubai la plastiki, kwa sababu jasho lake halitoki.

Wakili wa Kinondoni

Naomba nijibu suala la kadi peke yake, kwa kuwa ya injini yana wenyewe.

Ndugu muuliza swali, saini za watoto wanne zinaonyesha nia njema, lakini kisheria hazitoshi. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama warithi wote wamekubaliana na ni watu wazima. Waulize kwa upole kama mirathi ilifunguliwa na nani aliteuliwa. Ikiwa yupo, andikeni upya mkataba wa mauziano, yeye akiwa ndiye muuzaji, na uambatanishe nakala ya barua ya usimamizi. Hao ndugu wengine wanaweza kubaki kama mashahidi. Ikiwa mirathi haijafunguliwa, watie moyo waifungue sasa wakati bado wanaelewana, na ikibidi uwasaidie gharama za mahakama, kwa kuwa siku mmoja wao akibadilisha mawazo, mwenye shida utakuwa wewe. Baada ya hapo ndipo uende TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na kadi halisi kubadilisha umiliki.

Kabla ya kwenda, linganisha wewe mwenyewe namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi, pamoja na namba ya injini iliyo kwenye bloku, na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Magari ya umri huu mara nyingi yamewahi kubadilishwa injini, na tofauti ya herufi moja hukwamisha jalada.

Usikate bima kwa jina la marehemu hata kwa wiki moja. Na utakapotaka bima kubwa, msikubaliane thamani kwa kukisia. Piga picha za gari lote, tunza risiti zote, na uombe thamani iandikwe kwenye hati yenyewe.

Mkazi wa Mikocheni

Nawashukuru sana. Nimekaa siku kumi bila kuandika kwa sababu nilikuwa nikiyafanya mliyoniambia.

Jumamosi usiku nilijifungia ndani ya gari kwenye giza, mwanangu wa miaka kumi na miwili akiwa nje na tochi. Noti ilikuwa imeshateleza mahali sita kwenye mpira wa mlango, lakini tochi ndiyo iliyonishtua. Aliposogea kwenye taa ya nyuma ya kushoto, mstari mzima wa mwanga ulitokea mbele yangu, mwembamba kama uzi, kutoka juu mpaka chini, na chini yake tundu la ukubwa wa shilingi ambalo waya mmoja tu ulipita. Nilikaa nikilitazama kwa muda. Hewa yote niliyovuta kutoka Mikocheni hadi Posta ilikuwa inapitia hapo. Nimekata gasketi mpya kutoka kwenye shiti ya mpira, nimeziba tundu, na mpira wa mlango nimeuagiza nje ya nchi kwa kuwa Kariakoo sikuupata. Gari limebaki nyumbani.

Tairi tatu ni za mwaka 2006, na ya akiba ina tarakimu tatu. Zote nimeziondoa, pamoja na ile ya nne, ili gari lianze na seti moja. Bati la kukinga joto halikuwapo kabisa. Nililipata bandani Upanga, likiwa limening'inizwa ukutani kwa msumari, na nililirudisha mahali pake siku hiyohiyo. Presha ya oili ilipimwa kwa geji yenye bomba, ikasoma paundi 18 kwenye sailensi, na kompresheni ya silinda zote sita haikupishana sana.

Kuhusu mirathi, binti mkubwa wa marehemu aliteuliwa kuwa msimamizi zamani, na barua yake ipo. Tunasaini upya Ijumaa. Alipoona nimelirudia banda kutafuta bati, alinipa na sanduku la baba yake lenye vitabu vya matengenezo na vifaa vya kupimia.

Swali langu la mwisho ni kwa Fundi. Ndani ya sanduku hilo mna gasketi ya silinda hedi ambayo haijafunguliwa, na kwenye karatasi yake imeandikwa L28. Je, niitunze kwa ajili ya siku gasketi yangu itakapoharibika?

Fundi wa Gerezani

Itunze, lakini usiifunge kwenye gari hilo kama injini bado ni L24. Silinda za L24 zina upana wa milimita 83 na za L28 ni milimita 86, kwa hiyo gasketi hiyo itaacha ukingo wa milimita moja na nusu kuzunguka kila silinda, na moto utakaa hapo. Huenda mzee aliinunua kwa ajili ya gari lingine, kwani L28 ilifungwa pia kwenye Patrol za miaka ya themanini, na ndiyo maana spea zake nyingine ndogo ndogo, kama filta ya oili, bado unaweza kuzikuta Gerezani kwa kuulizia Patrol.

Katika vifaa hivyo vya kupimia, tafuta vile vibapa vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja kama kisu cha mfukoni. Injini ikiwa baridi, nafasi ya vali za kuingizia ni milimita 0.20 na za kutolea ni milimita 0.25. Mpira wa mlango ukifika na gari likawa tayari kutembea, lilete asubuhi na mapema kabla halijapata moto, uje na mwanao na sanduku hilo, tuzipime zote kumi na mbili pamoja.